Upande Mmoja wa Leso

Jumamosi soko la Ukunda hushiba watu mpaka wengine wakamwagika barabarani. Tuktuk zilikuwa zikipigiana honi, harufu ya viazi karai ikipanda pamoja na vumbi, na Kavindu, gauni lake la kitenge cha manjano limeshikwa vizuri lisiburuze, alikuwa ameinamia rundo la mitumba akitafuta blauzi ya kuvaa kazini. Mara akamsikia muuzaji akimaka.

"Bibi! We bibi, toa mkono! Hivyo si vyako!"

Ajuza mmoja mwembamba alikuwa amejipenyeza nyuma ya meza. Amejifunga doti ya leso za zambarau na nyeupe, moja kiunoni, moja mabegani, na chini yake maandishi yakisomeka vizuri: MZIGO WA WAWILI HAULEMEI. Hakuwa akiiba. Alikuwa akikunja. Shuka baada ya shuka, pembe kwa pembe, akilinyoosha kwa kiganja kama pasi, kisha analiweka juu ya mwenzake. Rundo lake lilikuwa limenyooka kama ukuta.

"Nimeamka alfajiri nizitandaze watu wazione," muuzaji akalia, "yeye ananikunjia!"

"Mwache, kaka," Kavindu alisema. "Meza yako haijawahi kupendeza hivi."

Ajuza akainua macho. Hakumtazama muuzaji, alimtazama Kavindu, kutoka kilemba mpaka viatu, kama msimamizi anavyomtazama kibarua mpya.

"Na wewe umesimama unatazama nini? Shika pembe huku. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja."

Kavindu akajikuta ameshika. Ajuza akarudi nyuma hatua tatu, akalivuta likakaza, akalipiga likatoa sauti.

"Sasa njoo. Taratibu. Usiliburuze, la wageni hilo."

Kavindu akaenda, mikono yao ikakutana, ajuza akapokea pembe zote nne kwa vidole vyepesi ajabu. Walikuwa katika shuka la tatu alipotokea kijana mbio mbio, bisibisi nyuma ya sikio, miwani ya fundi imepandishwa kwenye paji la uso, jasho likimtiririka.

"Bibi! Si nilikwambia unisubiri kitini?"

"Huyu ni mume wangu," ajuza akamwambia Kavindu kwa fahari. "Ana wivu huyo, usimwone hivyo."

Kavindu akacheka. Kwao Shimba Hills nako, bibi zake wa Kikamba waliwaita wajukuu waume zao, hasa waliorithi jina la babu.

"Wewe ndiye babu, basi," akasema.

"Jina ni lake, deni la utani ni langu," kijana akajibu huku akihema. "Naitwa Tsofa. Natengeneza simu pale kwenye kibanda cha buluu. Samahani sana, dada. Na wewe kaka, samahani. Mwambie mkeo aje na simu yake, ile yenye kioo kilichovunjika, nitamwekea kipya bure."

Muuzaji akaanza kutandaza upya. Tsofa akamshika bibi yake mkono, si kwa kumvuta, kwa kumsindikiza. Ndivyo Kavindu alivyomwona mara ya kwanza: mtu mwenye haraka aliyejifunza kutembea polepole.

"Anaumwa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Daktari ameiita demenshia, ugonjwa wa kusahau. Mimi naiita safari. Anaondoka, halafu anarudi." Akatabasamu kidogo. "Tatizo ni kwamba siku hizi anaondoka na miguu pia."

Kavindu alikuwa na miaka ishirini na sita, mwaka wake wa pili akifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari ya wasichana huko Kwale. Wanafunzi wake wawili wa kidato cha tatu, Beryl na Mwanakombo, walikuwa wakimsumbua kila siku wapate kitu cha kubuni kwa ajili ya mashindano ya sayansi. Kitu cha kweli, walikuwa wakisema. Kitu kitakachomsaidia mtu mwenye jina.

"Fundi," akasema, "nipe namba yako."

"Ya kazi au ya nyumbani?"

"Kwani unazo mbili?"

"Ninayo moja. Nilitaka kujua utaipigia ipi."

*

Wakaanza kupigiana kwa shughuli ya kifaa ambacho wasichana wangemtengenezea bibi yake, kisha maswali ya kifaa yakaisha na simu zikaendelea.

"Fundi, simu yangu inapata joto nikiongea."

"Iweke mbali na sikio, mwalimu."

"Nikiiweka mbali nitakusikiaje?"

"Basi njoo Ukunda nikuambie kwa mdomo. Nitakununulia madafu."

Akashuka, akanywa madafu, akarudi Kwale na ladha yake mdomoni na kicheko ambacho walimu wenzake walikiona kabla hajasema neno. Wiki ya pili akawa "mwalimu wangu." Wiki ya tano akawa "mpenzi," neno ambalo Tsofa alilitamka mara ya kwanza kwa hadhari kubwa, kama mtu anayeunganisha waya asiojua una umeme kiasi gani.

Siku hiyo ndipo Tsofa alipomwambia sababu ya kumleta bibi yake, Kadzo, mjini.

"Tulikuwa tukiishi Kikoneni. Asubuhi moja akakutwa kwenye ua wa watu, anakunja nguo zao zilizoanikwa. Wakamuuliza umefuata nini, hakuweza kujieleza. Sasa wewe unajua, mzee mwenye mvi akikutwa uani kwa watu hana maelezo, watu hawatafuti dawa. Wanatafuta neno."

Kavindu hakuuliza neno gani. Alikulia kaunti ile. Alijua wazee walioitwa wachawi, wakalipishwa neno hilo kwa panga.

"Nikampakia siku ile ile na mfuko mmoja," Tsofa akasema. "Hapa Ukunda hawamjui. Nataka wasimjue. Wakimjua, wamjue kwa wema tu."

"Nimekuelewa."

Alidhani amemwelewa.

Jumamosi zilizofuata Beryl na Mwanakombo walishuka pamoja na mwalimu wao. Beryl, binti wa askari aliyehamishwa kutoka Kisumu, alikuwa mwepesi wa ulimi na mikono. Mwanakombo wa Msambweni alikuwa kimya, daftari mkononi, akiandika kila alichosema Bibi Kadzo na saa aliyokisema. Tsofa akawaonyesha namna ya kulehemu bila kuunguza ubao wa saketi. Baada ya wiki sita wakawa na kitu chembamba kama biskuti, kisichopata maji. Ukikitumia ujumbe "Uko wapi?" kilijibu "Nipo," na chini ya neno hilo ramani yenye nukta nyekundu. Wakakiita Nipo. Wakaamua kukishona ndani ya pindo la leso, kwa sababu viatu Bibi alivivua popote na mkufu aliukata, lakini bila leso hakuvuka kizingiti.

"Mnashona nini humo, wajukuu?" Bibi Kadzo akawauliza.

Wasichana wakatazamana. Mwanakombo akajibu kwa adabu, "Ni kitu cha kutuambia uko wapi, Bibi."

"Kwani mimi sijui niko wapi?"

Bibi akatazama sindano, akamtazama mjukuu wake, na kwa muda mfupi macho yake yakawa ya mtu aliyerudi kabisa kutoka safari.

"Basi shoneni," akasema. "Siku nyingine sijui."

*

Kosa lilitokea kwenye karatasi, wala si kwenye waya.

Kwa ajili ya maonyesho Beryl alitengeneza bango kubwa. Katikati akaweka picha aliyompiga Bibi Kadzo asubuhi moja: kichwa wazi, mvi zimesimama, dera limevaliwa kinyume, macho hayatazami popote. Chini akaandika kwa herufi nyekundu: HAJUI ALIKO. Kavindu alilikagua bango lile mara mbili. Akasahihisha jina la betri, akaongeza kipimo kwenye mchoro, akasema safi sana.

Wakashika nafasi ya pili. Wakapiga picha mbele ya bango, wakakumbatiana. Kufikia Jumatano, mtu asiyejulikana alikuwa amekata picha ya Bibi peke yake, ameiondolea kila kitu cha shule, na inazunguka kwenye makundi ya simu ikiwa na maneno mengine kabisa: "Huyu ni wa wapi? Anaonekana mitaani Ukunda. Chungeni watoto."

Tsofa aliiona kwenye simu ya mteja, wakati akijaribu kama kioo kipya kinafanya kazi.

"Kavindu," akasema alipopiga. Hakusema mpenzi. Hakusema hata mwalimu.

"Naam. Mbona sauti hivyo?"

"Ile picha ya bibi yangu ilitoka wapi?"

"Ilikuwa kwenye bango. Tsofa, nimeiona leo mchana huko kwenye makundi, nilikuwa nataka kukupigia..."

"Ulimwomba nani ruhusa?"

"Bibi mwenyewe alikubali kupigwa. Alicheka hata."

"Bibi alikubali!" Sauti yake ikapanda kisha ikavunjika. "Kavindu, bibi huyo huyo anakubali pia kwamba mimi ni babu yangu! Nilikwambia nini? Nilikwambia sitaki wamjue. Nikakwambia na sababu. Sijawahi kumwambia mtu mwingine."

"Nimekosa. Nisikilize..."

"Mmepata nafasi ya pili. Hongereni. Naomba usinipigie."

Siku tisa Kavindu hakupiga. Lakini hakukaa bure pia. Alisimama mbele ya wanafunzi wake na kuwaambia kosa ni lake kabla halijawa lao. Beryl, ambaye hakuwa mtu wa kulia, alilia mpaka kamasi. Wakaliteketeza bango. Wasichana wakaandikia kila kundi walilolijua, mmoja mmoja, wakiomba picha ifutwe, na wakaeleza demenshia ni nini. Wengine wakafuta. Wengine wakawatukana. Mwanakombo akaandika kwenye daftari lake, chini ya orodha ya mapungufu ya kifaa: Hatukumuuliza mwenye mtu.

Siku ya kumi, Ijumaa baada ya vipindi, Kavindu akashuka Ukunda.

Kibanda cha buluu kilikuwa wazi. Jirani yake muuza vifuniko vya simu akamwambia, bila kumtazama usoni, "Fundi hayupo, dada."

Kavindu akatazama chini. Nyuma ya pazia la kibanda, kandambili mbili zilikuwa zimeelekeza vidole kwake. Ya kushoto ilikuwa imeshonwa kwa waya wa chaja.

"Mwambie nilikuja," akasema kwa sauti ya kusikika ndani. "Mwambie nilikuja kusema kosa ni langu, si la watoto."

Kandambili hazikujongea.

Akaenda nyuma, kwenye vyumba vya kupanga walikoishi Tsofa na bibi yake. Caroline, msusi wa jirani aliyekuwa akimwangalia Bibi mchana, alikuwa ndani akipooza uji. Bibi Kadzo alikuwa barazani, leso zote mbili ziko mapajani, anazikunja na kuzikunjua.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umechelewa kazini." Kisha akamtazama zaidi. "Mbona unalia, mke mwenza? Mume wetu amekuudhi?"

"Mimi ndiye niliyemuudhi, Bibi."

Bibi Kadzo akatafakari jambo hilo kwa uzito. Akachukua leso moja kutoka mapajani, akamtandikia Kavindu mabegani, akaivuta pembe ikae sawa.

"Shika upande wako. Wangu huu hapa. Wake wenza hugawana doti, ili wakitoka nje watu wajue ni nyumba moja."

Kukataa leso unayovishwa na mzee ni kumtukana, na Kavindu hakutaka kukataa. Alihisi fundo dogo gumu kwenye pembe moja, akadhani ni vijisenti vya ajuza, akaliacha kama lilivyo. Kuhusu kifaa hakuwaza. Alijua kilishonwa kwenye leso ya kiunoni. Alisahau kwamba doti haina ya juu wala ya chini, leo hii huwa kiunoni na kesho huwa mabegani. Akambusu bibi mkono, akaondoka. Na Tsofa aliporudi nyumbani jioni akamwona bibi yake na leso ya zambarau, maandishi yale yale, akadhani kila kitu kiko mahali pake.

*

Jumamosi saa tatu asubuhi Kavindu alikuwa akifua nje ya chumba chake, Kwale, leso ikiwa mabegani, pikipiki ilipoingia uani kwa kishindo. Tsofa akashuka kabla haijasimama vizuri. Miwani ya fundi bado iko kichwani.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Kavindu, usinifanyie hivyo. Caroline kaingia ndani dakika mbili, kutoka nje hayupo. Nimekiuliza kifaa mara nne. Mara nne kinasema yupo hapa!" Akamwonyesha simu. Nukta nyekundu ilikuwa imekaa juu ya paa lake hasa.

Kavindu akatazama simu. Kisha akayatazama mabega yake mwenyewe. Akashika pindo, akalipapasa taratibu kwa vidole vyenye povu, na katikati ya mshono wa Mwanakombo akakuta biskuti ile nyembamba.

"Alinivisha jana," akasema. "Alisema tugawane. Tsofa, sikujua kimo."

Tsofa akakaa chini, pale pale kwenye zege lenye maji. "Ana leso tupu, basi. Na ile picha iko kwenye simu za watu. Akiingia kwenye ua wa mtu leo..."

"Simama," Kavindu akasema. "Utanilaumu baadaye, nitakaa kimya nisikilize. Sasa hivi tufikiri. Unadhani ameelekea wapi?"

"Kikoneni. Wajomba wameshatoka kumtafuta njia ile. Mzee akipotea hurudi alikozaliwa, kila mtu anasema."

"Kila mtu. Na yeye mwenyewe alisema nini?"

Akampigia Mwanakombo, akaweka sauti ya juu.

"Mwanakombo, lete daftari. Bibi Kadzo amepotea, na leso yenye kifaa imebaki kwangu. Asubuhi huwa anasema nini?"

Karatasi zikasikika zikifunuliwa, na sauti ya Beryl kwa nyuma, "Mungu wangu, Mungu wangu."

"Mwalimu, asubuhi zote ni moja. 'Nimechelewa.' Halafu 'geti limefungwa?' Halafu 'mashuka ya wageni.' Kikoneni... ngoja nihesabu... Kikoneni hajaitaja hata mara moja."

Tsofa akainua uso. Kavindu naye alikuwa tayari amelishika lile fundo kwenye pembe, analifungua kwa meno kwa kuwa lilikuwa limekazwa miaka. Hazikuwa senti. Kilikuwa kibati cha duara, kimechakaa, kimetobolewa tundu, na katikati kimegongwa namba: 41.

Tsofa akakichukua. Akakigeuza. Macho yake yakajaa.

"Alikuwa dobi," akasema. "Hoteli moja ya Diani, ufukweni. Miaka ishirini na sita. Walikuwa wakitundika hivi getini wakiingia kazini. Hoteli ilifungwa nikiwa darasa la nne, na hajaitaja tena tangu hapo, nikadhani ndiyo ya kwanza kuisahau." Akasimama. "Kumbe kukunja kote kule... Kavindu, yuko kazini!"

"Twende."

"Una povu mpaka kwenye viwiko."

"Litakauka njiani."

Pikipiki ilikuwa ya kuazima kwa Chirau, rafiki yake, na breki zake zilikuwa na maoni yao. Waliteremka kilima kuelekea Kombani upepo ukiwapiga. Kavindu alimshika kiuno kwanza kwa ncha za vidole, kisha, kwenye kona ya tatu, kwa mikono yote miwili.

"Nilikagua waya!" akapaza sauti kwenye sikio lake. "Nikakagua herufi! Sikumkagua mtu! Nisamehe!"

"Sikusikii!"

"Nimesema nisamehe!"

"Nilisikia mara ya kwanza!" Tsofa akapiga kelele. "Nilitaka urudie!" Wakapita lori la mchanga. "Na mimi nilikuwa kibandani jana!"

"Najua! Niliziona kandambili!"

Mgongo wake ukatikisika, na Kavindu hakujua kama ni kicheko au kilio. Akaegemeza shavu pale pale, kwa tahadhari ya yote mawili.

*

Geti la wafanyakazi lilikuwa upande wa nyuma, limemezwa na mabugenvilia, kutu imelila. Mlinzi mmoja wa makamo, sare yake imefifia lakini imenyooshwa vizuri, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo, baba," Tsofa akasema akihema. "Kuna mzee, bibi mmoja mwembamba, leso ya zambarau..."

"Marahaba. Wewe ni wake nani?"

"Mjukuu. Tsofa."

"Jina la mzee wake. Haya, pumua, kijana. Yuko salama." Akanyanyuka. "Mimi ni Ngala. Alikuja na tuktuk saa moja na nusu. Dereva kaniambia amemwelekeza kona kwa kona kutoka Ukunda, hakukosea hata moja. Aliingia kwanza geti la hapo jirani, vijana wakaanza kumzunguka na maswali na simu zao. Nikaenda nikawaambia, nyinyi, huyu ni Bi Kadzo wa dobi. Mimi nilianza kazi hapa nikiwa na shati moja, na huyu mama alinifulia usiku na kulinyoosha asubuhi mwezi mzima, hakumwambia mtu. Nikawaambia, anayemgusa ataanza na mimi."

Tsofa akamshika Ngala mkono kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa juu yake.

"Aliniuliza kibati chake," Ngala akaendelea, "nikamwambia leo apite tu. Kuna mapazia na mashuka ya zamani ghalani, nikamtolea. Aliyemkuta mtu kazini hamkatizi."

Ua wa dobi ulikuwa bado una kamba zake za waya. Chini ya paa la mabati, mbele ya meza ndefu ya saruji, Bibi Kadzo alikuwa amesimama wima, mikono ikienda na kurudi. Rundo lilikuwa limemfika kifuani. Alikuwa akiimba kitu cha chinichini.

Kavindu akasikia pumzi ya Tsofa ikitoka yote, pumzi ambayo labda aliishika tangu Kikoneni.

"Bibi," Tsofa akaita kwa upole.

Akageuka. "Mume wangu! Umenifuata mpaka kazini, huna haya." Akamwona Kavindu na leso yake. "Na wewe umekuja. Vizuri. Haya yaliyobaki ni ya vitanda vikubwa, siyawezi peke yangu. Shikeni, nyote wawili."

Akawatupia shuka. Lilikuwa la zamani, lina harufu ya ghala na kafuri, limefifia mpaka likawa laini. Wakashika, kila mmoja pembe mbili, wakarudi nyuma mpaka likakaza katikati yao.

Simu ya Kavindu ikalia mfukoni. Akashika pembe zote mbili kwa mkono mmoja, akaitoa na kuweka sauti ya juu.

"Mwalimu!" Ilikuwa Beryl. "Nipo inasema iko Diani! Mmempata? Please sema mmempata!"

"Tumempata. Mzima, anatufanyisha kazi."

Ukelele wa furaha wa wasichana wawili ukasikika mpaka kwa Ngala.

"Mwalimu," ikaja sauti ya Mwanakombo, imetulia lakini ina machozi, "tutatengeneza viwili. Kila upande kimoja. Na safari hii tutamuuliza kaka Tsofa kwanza. Kila kitu."

"Waambie wasiniite kaka," Tsofa akasema kutoka upande wa pili wa shuka. "Waniite shemeji."

Kavindu akaiacha simu iteleze mfukoni. "Umesema nini?"

"Tembeeni!" Bibi akaamrisha. "Mnaongea kama mmelipwa kwa maneno. Njooni. Taratibu."

Wakasogea hatua moja.

"Nilikuwa na hasira," Tsofa akasema, "na hasira yangu ilikuwa ya haki. Lakini siku kumi nimekaa na haki yangu kibandani, na haikunichekesha hata mara moja."

Hatua ya pili.

"Unaniposa, fundi? Kwenye dobi? Nina povu la sabuni lililokauka."

"Nakuposa mbele ya mke mkubwa. Sijui mahali pa heshima kuliko hapa."

"Na ukikasirika tena?"

"Nitakasirika mbele ya pazia."

Hatua ya tatu ikawafikisha. Mikono yao ikakutana kwenye pembe, na Tsofa hakuzipokea pembe zile. Alivishika vidole vyenyewe, na shuka likabaki linaning'inia kati yao, limekunjwa nusu.

"Peleka wazee Shimba Hills," Kavindu akasema kwa sauti iliyomtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Baba atakufanya usubiri uani. Usikimbie."

"Nimejifunza kusubiri."

Bibi Kadzo akaja, akawatoa mikono bila huruma, akalichukua shuka lile, akalimalizia kukunja. Akalipapasa kwa kiganja, akaliweka juu ya rundo, akarudi nyuma kulitazama. Tsofa akakitoa kibati mfukoni, akamfungia kwenye pembe ya leso yake, fundo la kukaza. Bibi akalishika fundo, akalitambua, akaridhika.

"Mmejifunza haraka nyinyi wawili," akasema, na kutoka kwenye lundo chini ya meza akavuta shuka jingine. "Haya. Bado sita."

Wakashika.